Kaye, biki na fufu: wanawake walioandika na kazi zilizowalisha

Maneno ya komite ya wamama katika mkutano mkuu wa shirika, Goma. Tunayachapa kwa ombi la wenzetu wa Sake, Kitshanga na Kiwanja ambao hawakuweza kufika.

Tunajua Jumamosi ni siku ya soko na kuna wenye wameacha meza zao kwa watoto kusudi watusikilize.

Katika mkutano uliopita, tulipotoa hesabu ya kese, swali liliulizwa: zile dola 40 za kaye, biki na fotokopi zilikuwa za nini? Mwenye kuuliza alikuwa na haki. Banki za hapa karibu zote zilifungwa mwezi wa kwanza 2025, pesa yetu inalala ndani ya sanduku la funguo tatu, na kila dola ikitoka inaonekana. Lakini mwingine akaongeza: "Mwanamke ametoka kambini, ataandika nini? Mtoto wangu atakula vitabu?" Watu walicheka. Na sisi tulicheka. Halafu tulikaa, tukaona swali lile linahitaji jibu refu kuliko "hapana, baba." Ndiyo sababu mkatupa hii nafasi ya leo.

Tuanze na hilo la kula, maana ndilo liliuma zaidi. Ni kweli, kitabu hakipikwi. Hatukuja kuwadanganya kwamba binti akijua kutunga shairi atalipa fufu kwa shairi. Wanawake tutakaowataja leo, karibu wote walikula kwa kazi nyingine. Kuandika kulikaa pembeni ya kazi, au usiku watoto wakilala, au hata kitandani wakati wa ugonjwa. Lakini angalieni vizuri ile kazi na ile kalamu, namna moja ilivyokuwa inashika mkono wa mwenzake.

Grace Ogot alizaliwa 1930 upande wa Nyanza, Kenya. Alisomea uuguzi Mengo, kule Kampala, kisha akaendelea London. Alikuwa muuguzi na mkunga. Akiwa Uingereza aliandika na kusoma vipindi vya BBC vilivyokuwa vinaelekezwa huku kwetu Afrika. Akarudi, akafanya kazi hospitali ya Maseno, kisha Makerere. Baadaye aliingia bungeni, akawa naibu waziri. Katikati ya hayo yote, 1966, akatoa riwaya yake The Promised Land, na 1968 mkusanyo wa hadithi. Na alipokwisha kuwa mtu mkubwa, mwenye kujulikana kwa Kiingereza, akaandika tena kwa Kijaluo, lugha ya kwao, kusudi watu wa nyumbani wasome.

Ile riwaya ya 1966 tungependa kila mtu wa shirika hili aifahamu. Ni habari ya mume na mke wanaohama kwao, wanavuka kwenda Tanganyika kutafuta udongo mzuri. Mke hakutaka kuhama. Wanalima, wanapata, halafu chuki ya jirani na ugonjwa wa ajabu vinamwangukia mume, na mwishowe wanarudi walikotoka wakiacha mali yote nyuma. Nani kati yetu hapa haijui ile safari? Wale waliolima Rwamwanja na Nakivale, wakaacha mihindi ikiwa shambani kwa kurudi huku, wanaijua ukurasa kwa ukurasa. Na ni muuguzi aliyeiandika, mtu aliyezoea kukaa kando ya kitanda na kusikiliza mgonjwa anavyosimulia ugonjwa wake kwa njia zake. Hatufikiri kwamba angeandika vile kama angekuwa mtu wa kalamu tu.

Wababa wanaopenda mpira, hili ni la kwenu. Mnajua Bestine Kazadi, aliyechukua uongozi wa AS Vita Club ya Kinshasa mwaka 2020, mwanamke wa kwanza kuiongoza. Wangapi mnajua kwamba ni mshairi? Ni avoka kwa kazi, na ametoa kitabu cha mashairi juu ya kuwa mwanamke. Tuliuliza vijana watano wa mtaa wetu, hakuna hata mmoja aliyejua habari ya mashairi. (Mmoja ni wa DCMP, alisema hataki kujua.)

Clémentine Faïk-Nzuji yeye ni mzaliwa wa Kasai, 1944. Katika miaka ya 1960 alikuwa kati ya vijana wa Kinshasa waliojikusanya katika kikundi cha washairi kilichoitwa Pléiade du Congo, na ni kati ya wanawake wa kwanza kabisa wa inchi hii kutoa vitabu vya mashairi. Halafu njia yake ikapinda. Akaanza kusikiliza kuliko kutunga. Akajifunza kasala, ule wimbo wa Waluba unaotaja majina ya mtu, ukoo wake na matendo yake, wenye unaimbwa pia kwenye kilio. Akakusanya vitendawili, akachunguza maana ya alama ambazo wazee walichonga na kuchora. Akawa profesa, akafundisha mpaka Louvain, Ubelgiji. Mama yeyote hapa aliyesimama kwenye kilio na kutaja ukoo mzima wa marehemu bila karatasi, basi ajue kwamba kuna watu wamefundisha ile kazi chuo kikuu.

Tunasema hivi kwa sababu wamama wengi wanatuambia: "Mimi sikusoma, haya mambo ya kuandika ni ya wenye diplome." Siti binti Saad wa Unguja alikuwa anauza vyungu akitembea, hakupita shuleni. Mwaka 1928 alipelekwa Bombay, sauti yake ikaingia kwenye sahani za santuri, ikauzwa pwani yote. Baadaye Shaaban Robert mwenyewe, bwana mkubwa wa Kiswahili, akakaa chini na kuandika maisha yake. Muuza vyungu alitunga kwa kinywa, wengine wakamwandikia. Kwa hiyo hilo la diplome tuliweke pembeni.

Tena kuandika kwa wanawake katika Kiswahili si jambo la wazungu wala la mashirika ya siku hizi. Mwana Kupona binti Msham, mzaliwa wa Pate, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, aliandika utendi wake karibu mwaka 1858, kwa herufi za Kiarabu, akiwa mgonjwa. Mume wake alikuwa mtu wa vita, alipigana na masultani wa Unguja miaka na miaka. Yeye alimwandikia binti yake, maana aliona kifo kinakaribia na binti bado mdogo. Akafa karibu 1860. Mashauri mengi mle ndani ni ya namna mke atamtunza mume, na tunapashwa kusema wazi kwamba sisi katika komite tuligawanyika juu yake: wenye umri mkubwa walisema ndiyo, wasichana walikunja uso. Waache wakunje. Ila waone ile hali: mwanamke mgonjwa, mume amekufa, vita imepita nyumbani kwake, hana hakika ya kesho, na anachotafuta ni wino. Alimwambia mtoto wake achukue wino na karatasi akae karibu. Ni mama gani wa Masisi au wa Rutshuru hajawahi kulala akijiuliza: nikifa kesho, huyu mtoto atajua nini juu yangu, juu ya shamba letu, juu ya nani ni ndugu yake?

Sasa tunafika kwa jina ambalo tunajua litafanya wengine wagune. Tulizungumza sana katika komite kama tulitaje hapa Goma, kwa wakati huu, na hatukukubaliana wote. Tumelitaja. Ni Scholastique Mukasonga, mwanamke wa Rwanda. Hatuleti siasa. Tunaleta mtu aliyekimbia.

Alizaliwa 1956. Akiwa mtoto mdogo, 1960, jamaa yake ilipakiwa na kutupwa Nyamata, inchi kavu, pamoja na Watutsi wengine waliofukuzwa kwao. Mwaka 1973, akiwa mwanafunzi, alifukuzwa shule akakimbilia Burundi. Wazazi walikuwa wameamua yeye na kaka yake ndio waende, kwa sababu walijua Kifaransa: wangeweza kuishi popote, na kama wote wengine wangekufa, kungebaki mwenye kukumbuka. Mwaziona zile hesabu? Sisi hapa tunazijua. Nani apande lori, nani abaki na bibi. Akamaliza masomo ya kusaidia watu wenye shida, asistanti sosiali, akafanya ile kazi Burundi, na 1992 akaenda kuishi Ufaransa. Ndivyo alivyokuwa mbali mwaka 1994, jamaa yake ilipouawa, na mama yake Stefania kati yao.

Hakuandika kitabu mara moja. Alikuwa na kazi yake Normandie, watoto, na kaye ya shule ambamo aliandika majina ya watu wake waliokufa. Majina tu, kusudi asipoteze hata moja. Mpaka 2004 ndipo alirudi kutembelea Nyamata, na akakuta pale palipokuwa nyumba yao hapana kitu, majani tu. Mwaka 2006 akatoa kitabu chake cha kwanza. Alikuwa na miaka 50. Mwaka 2008 akatoa kitabu juu ya mama yake. Ndani yake anasimulia kwamba mama alikuwa anawaambia mabinti: siku nitakapokufa, mfunike mwili wangu, mtu asiuone. Na hakuna binti aliyekuwepo wa kumfunika. Basi anasema zile kurasa ndizo kitambaa chake. Mwaka 2012 riwaya yake Notre-Dame du Nil ikapata zawadi ya Renaudot, ambayo ni kubwa sana kule Ufaransa, lakini yeye aliendelea kuitwa asistanti sosiali na wale aliokuwa anawasaidia.

Tulipowasomea wamama ile habari ya kitambaa, kwa kuitafsiri tu kwa kinywa, chumba kilinyamaza muda mrefu. Hakuna aliyeuliza ni kabila gani. Mama mmoja, ambaye aliacha mtoto amezikwa haraka kando ya barabara kati ya Sake na Mushaki, alisema: "Basi na mimi niandikieni." Zile kaye zilianza siku hiyo. Hazikuanza kwa mradi wala kwa mzungu, hazikuanza hata kwa sisi komite.

Kabla hatujafika kwa zile kaye, neno moja juu ya wanawake wa radio wa kwetu Kivu, maana si haki kwenda mpaka Normandie na kuwaacha walio karibu. Mwaka 2003, Bukavu, wanawake wa habari waliungana katika AFEM, Chouchou Namegabe akiwa kati ya walioianzisha. Walibeba vinasa sauti wakaenda vijijini, wakawaacha wanawake waliobakwa waseme wenyewe, wakatangaza zile sauti. Wakati huo hata neno la kubakwa halikusemwa kwa radio. Mwaka 2009 Chouchou alizungumza Washington mbele ya maseneta wa Marekani. Caddy Adzuba, mwanasheria, aliyekuwa sauti ya Radio Okapi Bukavu, alipewa 2014 zawadi kubwa ya Hispania, ya Prince of Asturias. Na Julienne Lusenge, anayejulikana dunia nzima kwa kutetea wanawake, alianza kama mwanahabari wa radio huko Bunia. Kuna wenye watasema: radio si kuandika. Sisi tunaona ni kuandika. Kila kipindi kinaanza kwa karatasi, na mwenye kushika karatasi ndiye anachagua neno. Mwandishi wa radio akisema "wahanga" au akisema "wamama hawa", si kitu kimoja.

Basi, kaye zetu.

Kila Jumamosi saa tisa, wasichana wanne wa shirika, wa miaka 15 mpaka 18, wanakaa na wamama wanaotaka. Mama anasema, msichana anaandika. Kiswahili cha namna anavyosema, Kinande, Kihunde, Kinyarwanda, vyovyote, kama msichana anaelewa. Halafu anamsomea tena, mama anasahihisha. Wanasahihisha sana, wamama hawa! Mmoja alirudisha ukurasa mara tatu kwa sababu ya rangi ya mbuzi.

Kinachoandikwa ni nini? Kwanza majina ya wale waliokufa njiani na makambini, na mahali walipozikwa, maana tangu makambi ya hapa yalipovunjwa mwezi wa pili 2025, makaburi mengine hayana tena mwenye kuyaonyesha. Pili, siku za kuzaliwa. Tunawakumbusha: mtoto asipoandikishwa kwa état civil ndani ya siku 90, inabidi kupita kwa tribinali, na pale wanauliza siku, pahali, nani alikuwepo. Kuna mama aliyekuwa ameandika nyuma ya karatasi ya chanjo siku na saa ya kuzaliwa kwa binti yake, na jina la mkunga. Aliandika kwa makaa. Ile ndiyo ilimsaidia. Tatu, mashamba: mipaka, mti gani, mto gani, jirani gani. Na nne, chochote mama anachotaka. Hapo ndipo vinatoka vitu ambavyo hatukuvitegemea. Nyimbo za kulaza mtoto. Namna ya kutengeneza jibini ya Masisi. Barua kwa mume ambaye hajulikani kama yuko hai.

Kuna woga, na ule woga si wa kijinga. Karatasi inaweza kumletea mtu matatizo. Simu zinafunguliwa, mifuko inatazamwa. Kwa hiyo tuliweka sheria: tunaandika nani alikufa, lini, wapi. Hatuandiki nani aliua. Wawili kati yetu walikataa ile sheria, wakasema ni kuandika nusu ya habari, na kwamba siku moja wajukuu watatuuliza ile nusu nyingine iko wapi. Hatuna jibu la kuwapa. Tulipiga kura, sheria ikapita, na wale wawili wanaendelea kuja kila Jumamosi. Kama mkutano huu unaona sheria ibadilishwe, semeni leo, lakini aseme mwenye mtoto wake atatembea na ile kaye mkononi.

Sasa juu ya wasichana wenyewe, kwa ajili ya yule baba wa "atakula vitabu". Wawili wanajifunza kushona. Mmoja anataka uuguzi, na mwenzake wa nne anauza makala pamoja na mama yake pale Ndosho. Hakuna aliyeacha kazi kwa sababu ya kaye. Yule wa makala ndiye mwandishi mzuri kuliko wote, tunamsifu mbele yenu na atatusamehe kwa kumwaibisha. Ameanza kutunga vyake, anavisema kwa mtindo wa slamu kama vijana wa hapa mjini wanavyofanya. Anaweza kuwa na meza ya makala na kutunga. Grace Ogot alikuwa na wodi nzima. Hatuombi shirika liwalipe mshahara. Tunaomba lisiwafunge mlango, na tunaomba minervali ya yule wa uuguzi iingie katika orodha ya wale wa kusaidiwa mwezi wa tisa, sawa na watoto wengine, si kwa upendeleo.

Na zile dola 40: kaye, biki, na fotokopi. Fotokopi ndizo zilikula sehemu kubwa. Mtauliza kwa nini fotokopi. Mnakumbuka tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, lava ilipopita katikati ya mji, na nani kati yenu aliokoa hata diplome? Mnakumbuka 2021, tulivyokimbilia Sake na watoto na vyungu, karatasi zikabaki. Kaye moja katika nyumba moja si kitu cha kutegemea katika mji huu. Kwa hiyo kila ukurasa una kopi, na kopi ziko katika nyumba mbili tofauti, moja kati ya hizo haiko Goma.

Tunaomba kura mbili. Ya kwanza: dola 15 kila miezi mitatu kwa kaye na kopi, hesabu zikisomwa mbele yenu kama leo. Ya pili: wababa nao waje kusema yao, maana tumegundua kwamba majina ya mashamba wanayajua wao, na wengine tayari wanamtuma mke na maneno waliyoyakariri. Waje wenyewe.

Mpaka leo kuna kaye tatu. Moja imejaa. Ya pili imefika kwa herufi M, na msichana wa makala anaomba yule mama wa Kanyaruchinya aliyesema wiki iliyopita arudi, kwa sababu jina la mtoto wake wa pili liliandikwa vibaya na hataki libaki vile.